Nikola Tesla: Aliyezungusha mitambo ya dunia, akafa fukara hotelini

Na MWANDISHI WETU

UBAO uliotundikwa mlangoni ulikataza mtu yeyote kuingia. Ulikuwa umekaa pale kwa siku mbili. Hatimaye mhudumu wa hoteli ya New Yorker, jijini New York, Marekani, akaupuuza na kuingia chumba nambari 3327 katika orofa ya 33. Kitandani alimkuta mzee mrefu, mwembamba, amelala bila uhai.

Ilikuwa Januari 8, 1943. Madaktari walibaini kwamba mzee huyo alikuwa ameaga dunia siku iliyotangulia kutokana na maradhi ya moyo. Alikuwa na umri wa miaka 86. Hakuwa na mke, hakuwa na mtoto, hakuwa na nyumba. Alichoacha ni madeni.

Siku hiyo hiyo aliyokata roho, katika viwanda, migodi na mitambo ya maji kote duniani, mota za umeme zisizo na idadi zilikuwa zikizunguka kwa kanuni iliyomjia kichwani akiwa kijana wa miaka 25.

Mzee huyo alikuwa Nikola Tesla. Siku hizi vijana wengi wanapolisikia jina hilo hufikiria magari ya umeme ya kampuni moja ya Marekani. Kampuni hiyo ilianzishwa mwaka wa 2003, miaka 60 baada ya kifo chake, na ilichukua jina lake kwa nia ya kumuenzi. Yeye mwenyewe hakuhusika kwa vyovyote.

Alichowaachia walimwengu ni mota ya umeme isiyohitaji brashi wala cheche. Aidha, aliwaachia fumbo lililowahangaisha wahandisi kwa zaidi ya miaka 70: mota hiyo ilikuwa na mwendo mmoja tu, na ilikataa katakata kubadilishiwa mwendo huo.

Mwana wa kasisi

Tesla alizaliwa Julai 10, 1856 katika kijiji cha Smiljan, kilichokuwa chini ya himaya ya Austria na ambacho leo kiko nchini Croatia. Wazazi wake walikuwa Waserbia. Baba yake, Milutin, alikuwa kasisi wa Kanisa la Orthodoksi. Mama yake, Djuka, hakujua kusoma wala kuandika, lakini alihifadhi moyoni tenzi ndefu za kwao na alikuwa na mikono ya ufundi iliyounda vifaa vya nyumbani. Hadi uzeeni, Tesla alishikilia kuwa kipaji chake alikirithi kwa mama.

Katika familia hiyo ya watoto watano, Nikola alikuwa wa nne. Kaka yake, Dane, aliyetarajiwa kuwa nyota ya ukoo, alifariki kutokana na ajali ya farasi Nikola akiwa angali mtoto mdogo. Tangu siku hiyo macho yote ya nyumbani yalimwelekea yeye. Baba alitaka awe kasisi. Mwana alitaka kuwa mhandisi.

Mzozo huo uliamuliwa na ugonjwa. Mnamo 1873, baada ya kumaliza shule mjini Karlovac, kijana huyo alirejea nyumbani akashikwa na kipindupindu. Alilala kitandani miezi tisa, mara kadhaa akichungulia kaburi. Baba, aliyekuwa amekata tamaa, akaahidi kwamba mwanawe akipona angempeleka katika chuo bora cha uhandisi. Alipona, na mwaka wa 1875 akajiunga na chuo cha ufundi cha Graz, nchini Austria.

Cheche za Graz

Huko Graz ndiko safari yake ilikoanzia hasa. Siku moja mwalimu wake wa fizikia, Profesa Jakob Pöschl, aliwaonyesha wanafunzi mtambo wa Gramme, uliokuwa wa kisasa wakati huo. Ulizungushwa ukatoa umeme. Ulipopewa umeme ukazunguka wenyewe kama mota.

Mtambo huo ulitumia umeme wa mkondo mnyoofu, yaani ule unaotiririka upande mmoja tu kama ule wa betri. Ili sehemu ya katikati iendelee kuzunguka, ilibidi mkondo ugeuzwe kila nusu mzunguko. Kazi hiyo ilifanywa na brashi zilizosugua vipande vya shaba. Matokeo yake yalikuwa cheche, joto na brashi zilizolika upesi.

Tesla alitazama cheche hizo akasema huenda brashi zikaondolewa kabisa iwapo mota ingetumia mkondo geu, yaani umeme unaokwenda na kurudi mara nyingi kwa sekunde. Profesa alitumia muda wa somo kuwaeleza wanafunzi kwa nini wazo hilo lilikuwa ndoto za mchana. Kijana alinyamaza, lakini hakusadiki.

Miaka iliyofuata haikuwa ya fahari. Mwanafunzi huyo aliyekuwa akisoma usiku na mchana alitumbukia katika kamari, akapoteza karo, akaondoka Graz mwishoni mwa 1878 bila shahada. Baba yake alifariki mwaka uliofuata. Alijaribu bahati yake mjini Prague, lakini alifika akiwa amechelewa kusajiliwa. Mnamo 1881 alikwenda Budapest, nchini Hungary, kufanya kazi katika kituo cha simu.

Mchoro mchangani

Mapema mwaka wa 1882, Tesla alikuwa akitembea jioni katika bustani ya jiji la Budapest pamoja na rafiki yake, Antal Szigeti. Jua lilikuwa likizama. Ghafla alisimama, akachukua kijiti, akaanza kuchora mchangani. Jawabu la fumbo la Graz lilikuwa limemjia.

Msomaji anaweza kuelewa jawabu hilo kwa kufikiria baiskeli. Ukikanyaga kwa mguu mmoja tu, kanyagio hufika mahali pa chini kabisa au juu kabisa na kukwama. Lakini miguu miwili ikikanyaga kwa zamu, mmoja ukipokea pale mwingine unapochoka, gurudumu huzunguka bila kusita.

Tesla aliona kuwa mikondo geu miwili inayopishana kidogo kwa wakati ingeweza kufanya kazi ya miguu hiyo miwili. Mkondo mmoja ungetia sumaku upande huu wa mota, kisha mwingine upande ule, kwa zamu. Chuma kingetulia tuli, lakini sumaku yenyewe ingezunguka. Kitu cha metali kilichowekwa katikati kingevutwa na sumaku hiyo na kuzunguka nacho, bila waya wa nje kukigusa, bila brashi, bila cheche.

Ni haki kusema kwamba hakuwa peke yake. Nchini Italia, Galileo Ferraris wa Turin alifikia wazo kama hilo kivyake na kulichapisha Machi 1888, majuma machache kabla ya Tesla kupata hataza zake, yaani haki za kisheria za mvumbuzi. Naye Mrusi Mikhail Dolivo-Dobrovolsky, aliyefanya kazi Ujerumani, ndiye aliyeipa mota hiyo mwishoni mwa miaka ya 1880 umbo lililoenea zaidi viwandani, lile la mikondo mitatu. Hata hivyo, Tesla ndiye aliyeuona mfumo mzima, kuanzia jenereta hadi mota.

Mitaro ya New York

Wazo mchangani si chakula mezani. Tesla alihamia Paris na kuajiriwa na kampuni ya Thomas Edison. Alipotumwa Strasbourg mwaka wa 1883, aliunda mota yake ya kwanza nje ya saa za kazi. Ilizunguka. Alitafuta wenye fedha wa kuiunga mkono, akaambulia patupu.

Juni 1884 alishuka melini jijini New York na kuingia karakana ya Edison mwenyewe. Edison alikuwa amewekeza kila kitu katika mkondo mnyoofu na hakuwa na haja na mkondo geu. Baada ya takriban miezi sita, Tesla alifunga virago.

Wafanyabiashara fulani walimfungulia kampuni ya taa huko Rahway, New Jersey. Aliwaundia taa, na hataza akaziandikisha kwa jina la kampuni. Taa zilipowaka, wenzake walimtupa nje, nazo hataza zikabaki kwao. Kati ya 1886 na 1887, mtu aliyebeba kichwani mota itakayozungusha viwanda vya dunia alikuwa akichimba mitaro kwa ujira wa dola mbili kwa siku.

Mambo yalibadilika Aprili 1887. Wakili Charles Peck na Alfred Brown, aliyekuwa mkuu katika shughuli za simu za maandishi, walimsaidia kufungua kampuni na maabara katika mtaa wa Liberty, Manhattan. Mei 1, 1888 serikali ya Marekani ilimpa hataza za mota yake. Mei 16 alisimama mbele ya wahandisi wa umeme katika Chuo cha Columbia na kuwaeleza jinsi inavyofanya kazi. Miezi miwili baadaye George Westinghouse, tajiri wa Pittsburgh aliyekuwa akishindana na Edison, alinunua haki ya kuzitumia hataza hizo. Mkataba ulikuwa donge nono: dola 60,000 za fedha taslimu na hisa, pamoja na mrabaha wa dola mbili na nusu kwa kila nguvufarasi moja ya mitambo hiyo.

Vuta nikuvute ya Pittsburgh

Tesla alikwenda Pittsburgh kusaidia kuiingiza mota yake katika mitambo ya Westinghouse. Huko ndiko fumbo letu lilikojitokeza.

Umeme wa mkondo geu hupimwa kwa mambo mawili. Kwanza ni volteji, yaani ile nguvu inayousukuma. Pili ni masafa, yaani idadi ya mara unapokwenda na kurudi katika sekunde moja, ambayo hupimwa kwa hezi. Umeme unaofika nyumbani mwako hapa Kenya una masafa ya hezi 50.

Mitambo ya Westinghouse ilikuwa imeundwa kwa ajili ya taa tu, na masafa yake yalikuwa takriban hezi 133. Taa haikujali. Mota ilijali mno. Kwa kuwa sumaku ndani yake huzunguka sawia na masafa, mota sahili kabisa ya Tesla ikiunganishwa na umeme huo ingelazimika kukimbilia mizunguko 8,000 kwa dakika. Kwa hezi 60 mwendo huo ungekuwa 3,600.

Wahandisi wa kampuni waliitaka mota ibadilishwe ilingane na umeme uliokuwapo, kwani mitambo ya hezi 133 ilikuwa imekwisha kuuzwa kila mahali. Tesla alishikilia kuwa umeme ndio unaopaswa kubadilishwa ulingane na mota. Vuta nikuvute hiyo ilidumu miezi mingi. Alichoka, akarejea New York mwaka wa 1889.

Baada ya yeye kuondoka, wahandisi hao hao walikubali yaishe. Kampuni ilichagua hezi 60, na masafa hayo ndiyo yanayotumika Marekani hadi leo. Tesla alikuwa amesema kweli: umeme uifuate mota, si mota iufuate umeme. Hakujua kwamba kauli hiyo ingekuja kuwa ufunguo wa fumbo kubwa zaidi.

Mota yenye mwendo mmoja

Masafa yakishawekwa kwenye kituo cha kuzalisha umeme, mwendo wa kila mota ya aina hii katika nchi nzima huwa umeamuliwa. Mota yenye ncha nne za sumaku, kwa umeme wetu wa hezi 50, sumaku yake huzunguka mara 1,500 kwa dakika, nayo mota hufuata nyuma kidogo tu. Mwenye kiwanda hana usemi.

Mtu angedhani kwamba njia rahisi ni kupunguza volteji. Haikusaidia sana. Sumaku huendelea kuzunguka kwa kasi ile ile, isipokuwa imekosa nguvu. Mota hulemewa na mzigo, hupata joto na mwishowe husimama.

Je, masafa yapunguzwe peke yake? Hapo ndipo palipo na mtego. Masafa yakishuka, umeme hupata muda mrefu zaidi wa kusukuma upande mmoja kabla ya kugeuka. Chuma cha mota hushiba sumaku kama vile sifongo lishibavyo maji. Kikishashiba, nyaya hufyonza mkondo kupita kiasi, na mota huungua. Masafa yakiongezwa bila volteji kuongezwa, mambo huwa kinyume: sumaku hunyong'onyea na mota hukosa nguvu ya kuzungusha mzigo.

Jawabu ni kwamba volteji na masafa sharti vipande pamoja na vishuke pamoja. Tuchukue mota iliyoundwa kwa volti 400 na hezi 50. Ukigawanya, kila hezi ina volti nane. Ukitaka mota izunguke kwa nusu ya mwendo wake, ipe hezi 25 na volti 200. Ukitaka kwa theluthi mbili na ushei, ipe hezi 35 na volti 280. Maadamu uwiano wa nane haukuvunjwa, sumaku hubaki na nguvu ile ile, na mota huvuta mzigo wake kwa mwendo uutakao.

Kanuni hiyo ni nyepesi kuieleza, lakini enzi za Tesla hapakuwa na chombo chepesi cha kuitekeleza. Ili kubadilisha masafa ilibidi ubadilishe mwendo wa jenereta yenyewe. Nani angepunguza mwendo wa jenereta ya jiji zima kwa ajili ya pampu moja?

Kwa hiyo dunia ilijipanga kuizunguka mota hiyo. Viwandani, mwendo ulibadilishwa kwa mikanda na magurudumu ya ukubwa mbalimbali, kama ilivyo bado katika mashine nyingi za kusaga mahindi vijijini mwetu. Pampu ziliachwa zizunguke kwa kasi yote, halafu maji yakabanwa kwa vali, mithili ya dereva anayekanyaga mafuta na breki kwa wakati mmoja.

Pale ambapo mwendo ulikuwa lazima ubadilike, kama vile katika tramu, treni na lifti, watu walirudia mota za mkondo mnyoofu, brashi na cheche zake zikiwemo. Waliothubutu kutumia mota ya mkondo geu katika treni walikubali masharti yake. Mwaka wa 1902 kampuni ya Ganz ya Budapest, jiji lile lile la mchoro mchangani, iliweka umeme wa aina hiyo katika reli ya Valtellina, kaskazini mwa Italia. Injini zake zilivuta kwa nguvu, lakini zilikuwa na miendo michache tu iliyopangwa. Dereva hakuweza kuchagua mwendo wa katikati.

Mrabaha uliotoweka

Wakati huo Tesla alikuwa amekwisha kugeukia mambo mengine. Mnamo Julai 1891 alipata uraia wa Marekani. Katika mwaka huo huo aliunda koili yake maarufu inayotoa umeme wa masafa ya juu mno. Mnamo 1893, Westinghouse aliwasha maonyesho makubwa ya Chicago kwa mkondo geu, na Tesla akawashangaza watazamaji kwa yai la shaba lililosimama wima na kuzunguka lenyewe juu ya sumaku isiyoonekana.

Ushindi mkubwa ulikuja Novemba 1896, umeme wa maporomoko ya Niagara ulipofika jiji la Buffalo, umbali wa zaidi ya kilomita 30. Jenereta za Niagara zilikuwa na uwezo wa nguvufarasi 5,000 kila moja. Jambo la kuchekesha ni kwamba masafa yake yalikuwa hezi 25. Mota iliyoundwa kwa hezi 60 ikipelekwa huko ingezunguka kwa mwendo usiofika nusu.

Iwapo mrabaha wa dola mbili na nusu ungelipwa kwa kila nguvufarasi, Tesla angekuwa miongoni mwa matajiri wakubwa wa zama zake. Lakini mtikisiko wa kifedha wa 1890 uliiyumbisha kampuni ya Westinghouse, na mabenki yakataka gharama zipunguzwe. Westinghouse alimweleza Tesla hali ilivyo. Tesla, aliyemheshimu mtu huyo kwa kumwamini wakati wengine walipomcheka, alikubali kuuacha mrabaha wake. Mwaka wa 1897 kampuni ilizinunua hataza hizo moja kwa moja kwa dola 216,000. Zilikuwa fedha nyingi, lakini zilikuwa tone katika bahari ya kile kilichofuata.

Fedha hazikukaa. Machi 1895 maabara yake ilikuwa imeteketea kwa moto pamoja na kazi ya miaka mingi. Mnamo 1899 alikwenda Colorado Springs kufanya majaribio ya kusafirisha umeme bila waya. Mwaka wa 1901, kwa dola 150,000 za tajiri J.P. Morgan, alianza kujenga mnara wa Wardenclyffe huko Long Island. Alinuia kutuma ujumbe, na hatimaye umeme wenyewe, kuvuka bahari. Desemba mwaka huo Guglielmo Marconi alituma ishara ya redio kuvuka Atlantiki kwa vifaa vya bei nafuu zaidi. Morgan alikataa kuongeza fedha. Kazi ilisimama, na mwaka wa 1917 mnara ulibomolewa; kiwanja kilikuwa kimekwisha kuchukuliwa kufidia deni la hoteli alikokuwa akiishi.

Mwaka huo huo wa 1917, wahandisi wenzake walimtunuku nishani kubwa kuliko zote katika fani yao. Nishani hiyo ilikuwa na jina la Edison.

Njiwa na bili za hoteli

Wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini. Tesla alichumia juani, lakini kivuli hakukiona. Kwa miaka mingi alihama hoteli moja hadi nyingine akiacha bili nyuma yake. Kila siku alikwenda kuwalisha njiwa, na wale wagonjwa akiwachukua chumbani kuwauguza. Kuanzia 1934 kampuni ya Westinghouse ilimlipia kodi ya chumba na kumpa dola 125 kwa mwezi. Mwaka wa 1937 aligongwa na teksi akivuka barabara, akakataa kumwona daktari. Hakuwahi kupona sawasawa.

Alipofariki, zaidi ya watu 2,000 walihudhuria ibada ya mazishi katika kanisa kuu la Mtakatifu Yohane jijini New York. Majivu yake yalipelekwa Belgrade mwaka wa 1957, ambako yamehifadhiwa katika jumba la makumbusho lenye jina lake. Mwaka wa 1960 wanasayansi waliamua kwamba kipimo cha kimataifa cha nguvu ya sumaku kiitwe tesla.

Fumbo lafumbuliwa

Ufunguo wa fumbo la mwendo ulipatikana miaka michache tu baada ya yeye kuzikwa. Transista ilivumbuliwa Marekani mwaka wa 1947, na mwaka wa 1957 kampuni ya General Electric ikaunda thairista, swichi isiyo na kiungo kinachosogea na inayoweza kumudu umeme mkubwa. Kwa mara ya kwanza iliwezekana kuukata umeme vipande vidogo vidogo kwa kasi na kuuunda upya.

Kifaa kilichotokana na hayo, kigeuza masafa, hufanya kazi kwa hatua tatu. Huupokea mkondo geu kutoka kwenye nguzo, huugeuza kuwa mkondo mnyoofu, kisha huukata kwa swichi zake mara maelfu kwa sekunde na kuutoa tena ukiwa mkondo geu wenye volteji na masafa yaliyoagizwa. Kampuni ya Danfoss ya Denmark ilianza kukiuza kwa wingi mwaka wa 1968. Kwenye mwendo wa chini sana kifaa huongeza volteji kidogo kupita uwiano, kwa kuwa sehemu yake hupotea ndani ya nyaya za mota. Kupita hezi 50, volteji haiwezi kuzidi ile ya nguzo, kwa hivyo mota hukimbia zaidi lakini nguvu yake ya kuzungusha hupungua.

Faida yake ni kubwa, hasa kwa pampu na feni. Mwendo wa pampu ya kawaida ukipunguzwa hadi asilimia 80, umeme unaohitajika hushuka hadi takriban nusu. Ni vali ngapi zilibanwa, na ni umeme kiasi gani uliotupwa, kabla ya hilo kuwezekana?

Hapa nchini, kifaa hicho kimo katika lifti nyingi za majumba marefu, viwandani, na katika pampu za visima zinazotumia miale ya jua kwenye kaunti zenye ukame. Hakuna masafa yoyote katika umeme wa jua. Kifaa ndicho kinachoyaunda. Asubuhi, jua likiwa changa, huipa mota volteji ndogo na masafa madogo, na maji hupanda polepole. Adhuhuri hupandisha vyote viwili kwa pamoja, na tangi hujaa. Wingu likipita, hushusha vyote viwili, na mota haiungui.

Hata magari yale yenye jina la Tesla yalianza kwa mota ya aina aliyoibuni. Gari la kwanza la kampuni hiyo, lililotolewa mwaka wa 2008, lilisukumwa na mota ya mkondo geu isiyo na brashi, na mguu wa dereva ukawa ndio unaoagiza masafa.

Katika mota yenyewe, kanuni haijabadilika tangu jioni ile ya Budapest. Kilichobadilika ni umeme unaopelekwa ndani yake. Wahandisi wa leo hawailazimishi mota iufuate umeme. Huufinyanga umeme uifuate mota. Hilo ndilo Tesla alilolishikilia kule Pittsburgh alipokuwa na umri wa miaka 32, akapingwa hadi akaondoka. Lilitimia kikamilifu mzee akiwa amekwisha kufa katika chumba cha kulipiwa, bila mrabaha hata wa nguvufarasi moja.